Umeme umekatika mwana wa mfalme hajafika

UKOO WA BIBI MWANZA

Mama Kulwa, 06:41
Mwangaluka wote. Jamani jana kwangu hapa Bwiru hatujalala, acha niwasimulie kabla sijafungua duka. Doto kaomba nimwekee kwenye tv ile baleti ya Mrembo Aliyelala, nikasema haya ngoja niweke watulie, Mama naye yuko kwenye kiti chake anachambua choroko nikajua dakika kumi tu atasinzia kama anavyosinziaga kwenye filamu za Kizungu. Weee! Hajapepesa jicho. Choroko mpaka sasa hivi ziko kwenye ungo nusu nusu

Masanja, 06:50
Mama yetu huyu huyu?

Mama Kulwa, 06:50
Huyu huyu kaka

Masanja, 06:53
Mimi hizo niliwahi kuangalia nikashindwa dada. Watu hawaongei hata neno moja, wanazunguka tu kwa vidole vya miguu, unasubiri waanze hawaanzi

Mama Kulwa, 07:02
Sasa ndo hapo hapo. Kwa vile hawaongei ndo maana Mama kaelewa. Filamu zingine mkalimani ni mimi, namwambia "anasema anaondoka" na mtu mwenyewe keshaondoka zamani, nachoka mimi anachoka yeye. Jana sikumtafsiria kitu. Ile sherehe ya kumpa mtoto jina, kichimbakazi yule mbaya Carabosse akaingia kwa hasira na gari lake, akawazungukia wote pale, mwisho akakunja ngumi mbili akazipishanisha mbele yake chini, Mama hapo hapo: "Anamwombea mtoto kifo huyo." Sijamwambia!! Akauliza kwani kafanywa nini, nikamwambia walisahau kumwalika. Akaweka ungo chini. Akasema KUMBE. Ile kumbe yake mnayoijua

Milembe, 07:10
😂😂 Mamdogo ungerekodi. Ngumi zikipishana hivo kwenye baleti ndo kifo kabisa, ndo lugha yao ya mikono. Mtu akizungusha mikono juu ya kichwa anasema tucheze, akigusa kidole cha pete anaongelea ndoa. Na huyo Carabosse ilipochezwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1890 alikuwa mwanaume, Mwitaliano Enrico Cecchetti, na usiku huo huo akarudi kwenye ile harusi ya mwisho akacheza mgeni mwingine, Ndege wa Bluu

Masanja, 07:15
Sawa Milembe wewe umesoma. Lakini hadithi yenyewe si ya watoto? Binti anajichoma, analala miaka 100, anaamshwa. Nimemaliza kwa mstari mmoja. Hayo masaa mengine yote ni ya nini

Milembe, 07:31
Mjomba kwani za Bibi za sungura na fisi ulizisikia mara ngapi? Anasema hadithi hadithi, sisi hadithi njoo, na kila mtu anajua fisi ataumbuka na bado hakuna aliyekuwa anaenda kulala. Ukishajua mwisho macho yako hayakimbilii nini kitatokea, yanakaa kwa huyu mtu aliye mbele yako. Angalia pale yule binti, Aurora, anatimiza miaka 16, wamekuja wachumba wanne wana wa wafalme, amesimama mguu mmoja kwenye ncha ya kidole, wa kwanza anamshika mkono anamzungusha anamwachia, anabaki peke yake hewani kidogo kabla hajampa mkono wa pili, hivo hivo mpaka wa nne. Kwenye kitabu wangeandika tu alikuwa binti mzuri mwenye furaha. Hapa wewe unajua ile sindano ya kusokotea inakuja na yeye hajui, na kila akiachia mkono unashika roho, unaona kabisa hicho anachokaribia kupoteza. Mimi pale huwa nalia na sijui hata kwa nini, nimeshaiona mara nyingi sana

Mama Kulwa, 07:33
Mama alishika mkono wa kiti 🙈 akasema mwacheni mtoto ashuke

Mama Milembe, 07:40
Masanja wewe umekulia Kisesa unashangaa nini. Bulabo, sikukuu yetu Wasukuma, tukienda Bujora vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana, kwenye bugobogobo ile ngoma ya majembe, jembe linarushwa juu linazunguka linadakwa ngoma ikipiga, kuna mtu anakuja kukueleza kwamba huyo analima? Kulima unakujua tangu mtoto, lakini siku hiyo ndo unakuona. Na huwa hubanduki mpaka jioni

Masanja, 07:46
Hapo dada umenishika

Masanja, 07:47
Ila kile kidole. Hawaumii?

Milembe, 07:55
Wanaumia Mjomba, miaka na miaka ya mazoezi. Ncha ya kiatu ni tabaka za kitambaa na karatasi zimeshikwa na gundi mpaka zikakakamaa, hakuna chuma. Juu hariri tu inang'aa

Milembe, 07:58
Alafu asanteni Petipa aliyetunga uchezaji na Tchaikovsky aliyetunga muziki walivoichagua vizuri, maana Perrault yule Mfaransa kwenye kitabu chake cha 1697 baada ya ndoa anakuja mama mkwe anayetaka kula wajukuu. Wao wakaiacha hiyo wakaweka harusi, na wageni ni watu wa hadithi zingine, paka mwenye viatu yumo, yule binti wa kofia nyekundu na mbwa mwitu wake

Mama Kulwa, 08:04
Hatukufika huko. Binti kalala, ufalme wote umelala, miti imeota imefunika jumba lote, mwana wa mfalme yuko msituni na wawindaji wake, paaa umeme. Nikasema basi tukalale. Mama akakataa, akasema huyo mtoto hawezi kuachwa amelala vile. Nikawasha tochi ya simu, Doto akalala kwenye mkeka, Kulwa akawa mwana wa mfalme anakata miti kwa mwiko, na Mama anawaimbia ule muziki mmmm mmmm alioushika kwa kusikia siku moja. Kulwa kufika akaona aibu kumbusu dada yake akamgusa bega tu. Doto akaamka taratibu na mikono imeinuliwa kama yule wa kwenye tv. Jamani

Mama Milembe, 08:06
Mdogo wangu umeniliza niko kwenye daladala

Masanja, 08:12
Jumamosi napita Mwaloni asubuhi nachukua sato wawili nakuja. Msianze bila mimi. Muanze mwanzo kabisa kwenye sherehe ya jina

Mama Kulwa, 08:15
Karibu kaka. Mama yuko hapa anauliza, kwenye harusi safari hii yule mama watamwalika?