Gliserini na manjano ya mtoto wa Mwanaidi

Mjomba Salehe: Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nimearifiwa kwamba mjukuu wetu, ambaye leo ametimiza siku tatu, amekuwa wa manjano machoni na kifuani. Jirani yangu anasema kuna utafiti unaoonyesha kwamba gliserini humtibu mtoto wa namna hiyo kwa kumwezesha kupata choo mapema. Kwa kuwa Zainabu anauguza watoto wachanga, naomba atueleze.

Shangazi Mwajuma: Waaleikum salaam, kaka. Mimi ninayo chupa ya gliserini ya kupaka ngozi. Kama inafaa, nitampelekea Mwanaidi sasa hivi.

Zainabu: Shikamooni wazee wangu. Shangazi, tafadhali chupa hiyo ibaki kabatini, kwa sababu watafiti hawakutumia gliserini ya ngozi, bali dawa maalumu inayowekwa katika njia ya haja kubwa, tena mtoto akiwa chini ya uangalizi wa hospitali.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga huvunjika kwa wingi na kutoa bilirubini, ambayo ndiyo rangi hiyo ya manjano, na ini lake, kwa kuwa halijakomaa, haliwezi kuiondoa kwa kasi inayotakiwa. Ile inayofanikiwa kupita huingia utumbo pamoja na nyongo, na nyingine hukaa katika choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata. Choo hicho kikichelewa kutoka, sehemu ya bilirubini hunyonywa tena na kurudi kwenye damu. Ndipo watafiti wakajiuliza kama kukiharakisha choo kungepunguza manjano.

Mjomba Salehe: Na walipopima walikuta nini?

Zainabu: Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu watoto njiti waliozaliwa katika wiki ya 30 hadi ya 34 ya mimba, ambao wote walikuwa wakitibiwa kwa mwanga wa taa maalumu, lakini ni kundi moja tu lililopewa gliserini. Kiwango cha juu cha bilirubini hakikutofautiana, wala muda wa kukaa chini ya taa haukupungua. Hata kabla ya hapo, mwongozo wa mwaka 2010 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliitaja gliserini waziwazi miongoni mwa vitu visivyopaswa kutumiwa kutibu manjano. Binafsi sishangai, maana penye msongamano ni kwenye ini, nasi tulikuwa tunapanua mlango wa nje.

Bibi: Wajukuu zangu, sisi tuliwaotesha jua la asubuhi watoto wetu, na manjano yakaondoka.

Zainabu: Shikamoo Bibi. Manjano ya watoto wengi huondoka yenyewe, ndiyo maana kila dawa ya nyumbani hupata sifa. Hata hivyo, kuhusu mwanga hamkuwa mbali na ukweli. Katika miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford nchini Uingereza aliona kwamba ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilipoteza umanjano, na mwaka 1958 madaktari wa hapo wakachapisha matokeo ya tiba ya taa. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya Lagos, Nigeria, yaliyoonyesha kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu ya plastiki, ili kuzuia miale yenye madhara, lilifanya kazi vizuri kama taa. Lakini watoto hao walipimwa damu na kuangaliwa joto la mwili, jambo ambalo hatuwezi kulifanya dirishani.

Mwanaidi: Dada, tangu jana usiku mtoto analala sana na hata nikimwamsha hanyonyi kwa nguvu.

Zainabu: Basi, mdogo wangu, nenda hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi, na uwaambie maneno hayohayo uliyoniandikia. Bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na inaweza kumwachia mtoto mtindio wa ubongo au uziwi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi macho yetu hayatoshi kukadiria kiwango, kwa hiyo ni lazima apimwe. Akihitaji taa atawekwa, na kiwango kikiwa cha hatari zaidi atabadilishiwa damu. Njiani endelea kumpa ziwa, na asipoweza kunyonya, mkamulie maziwa umpe kwa kikombe.

Mjomba Salehe: Gari ninalo, natoka sasa kuwachukua.

Shangazi Mwajuma: Zainabu, nguo za mtoto zilikuwa sandukuni pamoja na vidonge vya nafthalini vya kufukuzia nondo. Je, hilo lina neno?

Zainabu: Lina neno kubwa, Shangazi, na ahsante kwa kulisema. Baadhi ya watoto wa pwani yetu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao nafthalini huweza kuvunja chembe za damu kwa ghafla. Mwanaidi, mvue nguo hizo, mfunike kwa khanga ambayo haikukaa humo, na umweleze daktari habari ya sanduku kabla hajakuuliza.

Mwanaidi: Nimeshamvua. Tunamsubiri Mjomba mlangoni.