MREJESHO: Nilivyowatembeza wageni wangu Oman

Wakuu, habari zenu. Niliomba ushauri niwapeleke wapi marafiki zangu wa Tanga waliokuja kunitembelea Muscat, wapenda wanyama hasa. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ule ushauri wa kulala Ras al Jinz, hifadhi ya ufukweni wanakotaga kasa, na kuweka nafasi mapema. Usiku hatukuona kasa hata mmoja, wageni wakanyong'onyea. Alfajiri ndipo tulipofaidi: kasa wa kijani, mkubwa ajabu, alimaliza kufukia mayai akajikokota hadi majini mbele yetu. Tochi na flashi zilikatazwa, na ni haki kabisa, mwanga huwavuruga.

Bonde la Wadi Shab tulilikosa, mvua ilikuwa imelijaza maji. Mkipita mji wa Sur, simameni kwa mafundi wa kuunda majahazi. Wenzangu waligoma kuondoka pale.