Nimejibiwa dole gumba wakuu. DOLE GUMBA!

Wakuu leo sina salamu. Wale jamaa wa programu ya mauzo mnawajua, siwataji. Jana usiku wameapdeti, maelezo wameandika "maboresho madogo" basi. Asubuhi nafungua duka printa ya risiti kimya, naangalia logi: undefined symbol: luaL_register, yaani moduli inaita fanksheni ambayo haipo. Kumbe humo ndani wameng'oa Lua 5.1 (lugha ya programu inayoendesha moduli za nyongeza) wakaweka 5.4, kama mtu anabadilisha kufuli mwenye nyumba akiwa msibani! 5.1 ni ya 2006, 5.4 ya 2020, hapo katikati luaL_register ilishazikwa, lua_objlen ikaitwa lua_rawlen, sasa moduli yangu ya printa iliyokompailiwa enzi za 5.1 ikazitafute makaburini?

Nikafungua tiketi kwa adabu zote, mpaka "naomba" nimeweka. Dakika nne. NNE. Jibu: "Kompaili upya tu kaka" na dole gumba.

Nikompaili nini? Aliyeiandika yuko Muscat hapokei simu, nimeachiwa faili la .so tupu, lililokwisha kompailiwa, sosi kodi ya kukompaili sina, kama mjane na picha ya ukutani. Foleni imefika barabarani, risiti naandika kwa mkono, mama mmoja ananiuliza hesabu hii nimejifunzia wapi, na mimi nimeduwaa naliangalia lile dole. Limenona, limesimama, tiketi imefungwa!!

Kichwa Maji: 👍

Fundi Redio: Pole mkuu ila umejitakia. Lua hata ikitoka 5.1 kwenda 5.2 tu, baineri kuelewana hakuna aliyekuahidi. .so bila sosi kodi sio moduli hiyo, ni hirizi.

Mleta uzi: Nimekuja kulia sijaja darasani. Hoja ni DOLE.

Binti Kompaila: Shukuru yako imegoma waziwazi. Mimi moduli ilikuja na Lua yake tumboni, programu nayo ina yake, wiki nzima "multiple Lua VMs detected", yaani Lua mbili zinagongana, mimi nikajua virusi, nikafomati mashine

Kichwa Maji: @Binti Kompaila ukafomati 😂😂😂

Babu Nyoka: Lua kitoto. Njooni kwenye Python, lugha nyingine ya programu, iliyomezwa na programu ya kuchorea 3D. Wametoka 3.10 kwenda 3.11, plagini yangu ya C inaniambia moduli haipo, na faili naliona kwenye folda kwa macho yangu, limeandikwa cp310 kabisa, yaani la Python 3.10

Mpangaji: Nyie mna raha. Mimi niko gizani tangu asubuhi, tokeni ya umeme mita inaikataa, nimeingiza mara sita

Fundi Redio: Tarakimu 20 zimetimia? Na namba ya mita ni yako kweli au ya jirani?

Mpangaji: Zimetimia, namba yangu. Shida risiti nimepewa ya kuandika kwa mkono, ile ya tisa sijui ni 1 au 7