Core i5, RAM 4, diski 500: maelezo haya yana maana gani?

Mwalimu wa Ahero
Hamjambo wanajukwaa. Natafuta kipakatalishi kilichotumika cha kuandalia mitihani na kuwekea rekodi za alama. Katika duka moja kwenye Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, nimeonyeshwa kimoja kilichobandikwa karatasi ya "Core i5, RAM 4, diski 500", lakini nilipokiwasha, diski ilisoma gigabaiti 465. Hizo 35 zimekwenda wapi, na kwa nini RAM iwe 4 tu ilhali nafasi ni 500?

Fundi Kondele
Mwalimu, hujapunjwa. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huhesabu 1,073,741,824 na bado huiita gigabaiti, kwa hiyo baiti bilioni 500 husomeka kama 465.

RAM ni kitu kingine kabisa. Diski hutunza faili na programu hata mashine ikizimwa, lakini RAM hubeba kile tu kinachotumika wakati huo, na umeme ukipotea huku betri ni mbovu (betri za mitumba tunazijua), alama ambazo hukuwa umezihifadhi hupotea nazo. RAM ikijaa, mashine huazima sehemu ya diski ili iendelee na kazi, na kwa kuwa diski hufanya kazi polepole zaidi kuliko RAM, kila kitu huanza kujikokota. Tafuta yenye RAM ya gigabaiti 8.

Mkazi wa Nakuru
Naongeza kwamba "Core i5" peke yake haitoshi, kwa sababu kampuni ya Intel imeuza prosesa (ubongo wa mashine) za jina hilo kwa miaka mingi. Soma tarakimu zinazofuata: i5-3320M ni ya kizazi cha 3, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ambacho ndicho Windows 11 inaanzia kukubali rasmi kwa upande wa i5 za vipakatalishi. Hilo ni muhimu kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha ufungue ukurasa wake wenye michoro. Utaona prosesa, RAM na kama diski ni SSD (ya chipu, yenye kasi) au HDD (ya sahani zinazozunguka, ya polepole). Mimi nisingenunua yenye HDD.

Mwalimu wa Ahero
Ahsanteni. Je, RAM yaweza kuongezwa baadaye?

Fundi Kondele
Hutegemea mashine. Nyingine zina nafasi ya kuchomeka kipande kingine, nyingine RAM yake imeunganishwa kwenye bodi na haibanduki. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini uone kabla hujalipa.