Ushauri: mdogo wangu mkimbiaji kaletewa poda ya kujenga misuli, aendelee au aache?

Kaka wa Ngamiani: Habari za humu wakuu. Mdogo wangu wa kike anakimbia mita 1500, mazoezi yake anafanyia uwanja wa Mkwakwani, hapa Tanga. Anajiandaa na mashindano ya taifa, na huko anaweza kupimwa mkojo kuangalia dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa michezoni. Rafiki yake wa gym kamletea kopo la poda kutoka nje, ameshaanza kunywa. Lebo nimeisoma yote, sijaona kilichopigwa marufuku. Kocha wake hataki hata kulisikia hilo kopo. Naombeni ushauri, sitaki jasho lake lote liishie kwenye kifungo cha kutoshindana.

Raskazone Boy: Anywe tu. Gym tunatumia wengi. Lebo ikiwa safi nani atamlaumu? Hakukusudia.

Mfamasia Chumbageni: Hapana ndugu yangu, huo ushauri utampoteza binti wa watu. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, kitu kilichokatazwa kikikutwa kwenye mkojo wako ni chako, umekusudia hukukusudia. Nia inakuja kuangaliwa baadaye, wakati wa kupanga adhabu. Na lebo usiiamini hivyo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichunguza virutubisho 634 kutoka nchi 13, matokeo yakachapishwa 2004: 94 vilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa popote. Kuna viwanda vinavyochanganya bidhaa tofauti kwenye mashine zilezile bila kuzisafisha sawasawa. Wengine wanatia makusudi, mteja aone mwili umejaa haraka arudi kununua. Na vipimo vya siku hizi vinanasa hata chembe.

Dada wa Mbio: Nimekimbia, najua hofu ya kile chumba cha kupimia. Someni kisa cha Jessica Hardy, muogeleaji wa Marekani. 2008 alikutwa na clenbuterol, dawa iliyokatazwa michezoni. Wasuluhishi walikubali kwamba ilitoka kwenye kirutubisho, wakampunguzia kifungo kutoka miaka 2 hadi mmoja. Olimpiki ya Beijing akaikosa vilevile! Kupunguziwa kupo, hata kubaki na onyo tu, lakini kuthibitisha ni juu ya mwanamichezo, na kupima kopo maabara ni pesa. Mtoto wa Tanga atazitoa wapi? Mpe mayai, dagaa, maharage na maziwa.

Kaka wa Ngamiani: Ahsanteni sana. Basi leo hii nalitupa.

Mfamasia Chumbageni: Usilitupe! Aache kunywa, lakini kopo lifunge ulihifadhi pamoja na risiti. Akiitwa kupimwa, ile fomu inauliza dawa na virutubisho alivyotumia siku za karibuni. Aitaje poda, asifiche. Tena tafuta kopo jingine lenye namba ileile ya toleo, ambalo halijafunguliwa. Lililofunguliwa wanaweza kusema mlitia wenyewe.

Kaka wa Ngamiani: Nimempigia rafiki yake. Anasema ya toleo hilo yamebaki mawili kwa aliyemuuzia. Kesho asubuhi nafuata moja.