Reli ya chini kwa chini Nairobi: udongo wetu utakubali?

Msafiri_Donholm
Habari zenu. Jana nimetoka Donholm saa kumi na moja na nusu alfajiri, Westlands nimeingia saa mbili kasoro kumi. Pale raundabauti ya City Stadium dereva alizima injini kabisa, ndipo ubishi ukaanza ndani ya matatu: mbona sisi hatuchimbi reli ya chini, na Cairo wanayo tangu 1987? Mzee mmoja akasema mji huu umekaa juu ya kinamasi na ule udongo mweusi utameza treni. Nilinyamaza, maana nilipochimba choo plotini kwangu Ruai niliuona ulivyo. Wajuzi, ni kweli?

Kijana_wa_Kibanda
Dada, tuanze na mitaro. Aprili 2024 barabara ziligeuka mito. Ukitoboa shimo katikati ya mji huu utakuwa umejenga bwawa.

Baruti_Ngong
Nimefanya kazi kwenye handaki la SGR kule Ngong, lile la kilomita nne na nusu, treni zinapita tangu 2019. Nakujibu kama mtu wa mtaimbo, si injinia.

Huo udongo mweusi ni ngozi tu. Choo chako kilishuka futi ngapi kabla fundi hajaanza kulia na kutaka nyongeza? Hapo alikuwa amegonga mwamba. Nairobi imelala juu ya mawe ya volkano, mengine ndiyo hayo tunayochonga ya kujengea. Handaki linapita chini ya udongo, si ndani yake.

Taabu ni kwamba mwamba haufanani. Leo ni mgumu, unamaliza ncha za kutobolea. Kesho unaangukia tabaka laini la majivu ya kale linalotoa maji. Kila tukishalipua, mtu wa kwanza kuingia alikuwa mzee mmoja mwenye mtaimbo mrefu, anagonga paa na kusikiliza. Jiwe likilia "ting", tunasonga. Likijibu "bub", kama debe la unga, linaangushwa kwanza. Siku moja alipagonga mahali pamoja mara tatu, akarudi nyuma hatua mbili bila kusema neno. Likashuka bamba kubwa kama mlango. Akaweka kofia yake sawa, akaendelea kugonga.

Sasa kule juu yetu kulikuwa na vichaka na ng'ombe. Chini ya Moi Avenue una maghorofa kichwani na mabomba ya maji taka ya tangu zamani. Hapo baruti sahau. Unaleta mashine inayotoboa huku ikijenga ukuta nyuma yake. London walitumia nane kwa kilomita 42 za mahandaki ya reli yao mpya, Elizabeth line, wakamaliza kuchimba 2015. Treni ziliahidiwa Desemba 2018, zikaanza Mei 2022! Kilichowachelewesha ni stesheni na mitambo ya kuongozea treni, vitu ambavyo sisi tukibishana kwenye matatu hatuvitaji kamwe.

Na huyu wa mitaro msimcheke. Treni ya Gautrain ya Johannesburg ilianza 2010, lakini kipande cha kutoka stesheni ya Rosebank hadi ya Park kilingoja hadi 2012 kwa sababu maji yalikuwa yanaingia handakini.

Msafiri_Donholm
Futi saba. Na nyongeza aliomba, nikampa. Haya, hayo mawe yote yakitolewa yanaenda wapi?

Baruti_Ngong
Swali hilo wengi hawalifikii. Jiwe likivunjwa linajaa kuliko lilivyokuwa ardhini, kwa hiyo shimo la lori kumi halibebwi na malori kumi. Wenzetu wa London walipakia udongo melini, zaidi ya tani milioni 3, wakaenda kutengeneza makao ya ndege wa porini kisiwani Wallasea. Sisi hatuna mto wa kubeba meli, na malori yakishika Jogoo Road utatoka nyumbani saa tisa usiku. Labda ile reli ya zamani ya Makadara ndiyo ingebeba, usiku watu wakilala.

Kijana_wa_Kibanda
Mzee, hiyo ya Makadara mvua ikinyesha nayo inasimama.

Baruti_Ngong
Ndiyo, najua. Mimi huipanda.