Bert Williams na masizi usoni: aliwauza weusi wenzake au aliwafungulia mlango?

Wakuu, heshima kwenu. Naleta mada nikiwa na msimamo, anayepinga aje na hoja.

Bert Williams, mchekeshaji na mwigizaji mweusi, alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akakulia Marekani. Rangi yake ilikuwa maji ya kunde. Lakini kabla ya kupanda jukwaani alijipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa, kwa kuwa weupe walizoea kumcheka mweusi wa kuchorwa. Ndiyo maana wapo wanaosema alijidhalilisha, na kwamba filamu zake zibaki kabatini.

Nakataa. Mwaka 1903 yeye na mwenzake wa jukwaani, George Walker, walifikisha In Dahomey, mchezo wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na weusi, hadi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Ukavuka bahari hadi London, wakauchezea ikulu ya Buckingham. Mwaka 1910 akaingia Ziegfeld Follies, kundi la weupe la maonyesho ya jukwaani, na akadumu humo miaka mingi.

Ila ushahidi wangu mkubwa ni filamu aliyoigiza mwaka 1913 chini ya kampuni ya filamu ya Biograph. Haikumalizwa. Mikanda yake ilikaa ghalani mwa Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa huko New York, ikaja kuonyeshwa hadharani mwaka 2014. Itazameni kwa makini: mwenye masizi ni Williams peke yake! Wenzake wana nyuso zao wenyewe, wamependeza, wanacheza dansi, wanapanda farasi wa mbao wanaozunguka. Kisha yeye na mpenzi wake wanabusiana kwa upole. Kwangu mimi, yale masizi yalikuwa ushuru aliowalipia wenzake.

*Jibu:* Mkuu, unamtetea kirahisi mno. Na filamu yake A Natural Born Gambler ya 1916 je? Mweusi mcheza kamari anaishia jela. Mwanangu ajifunze nini hapo?

*Mleta mada:* Hadithi yenyewe ni ya kashfa, hilo sibishi. Lakini umeitazama ile sehemu ya jela? Hana karata hata moja. Anagawa hewa, anaokota hewa, na kwa macho na vidole tu unajua nani kapata karata nzuri na nani kaliwa. Hakuna sauti, na huhitaji sauti. Mwanao ajifunze hapo kuigiza, nawe umweleze masizi yale yalitakwa na nani.

Williams alianguka jukwaani Detroit, Februari 1922, akafariki Machi 4, akiwa na miaka 47 tu. Nakuuliza nawe: angekataa masizi wakati ule, nani angempa jukwaa?